Aliyeokota na Aliyeandikwa

Katika mitaa ya Baba Dogo, Ngomongo na Lucky Summer, mtu aliyepata kitu asichokitafuta husemwa kuwa ameangukia. Ameangukia kibarua kiwandani, ameangukia nyumba ya kodi nafuu, ameangukia shaba ndani ya gunia la taka. Neno lenyewe halina pongezi nyingi wala wivu mwingi. Linasema tu kwamba mambo yalijipanga naye akawa yupo. Ila ukizungumza na wanaoingia jaa la Dandora alfajiri, watakwambia kuwa shaba haimwangukii kila mtu. Chuma kilichopakwa rangi na shaba iliyoingia masizi hufanana machoni pa mpita njia. Mzoefu huvitofautisha kwa uzito mkononi, kwa rangi inayojitokeza akikwaruza, na kwa sumaku inayokataa kushika. Jaa hilo lilianza kupokea taka za jiji katika miaka ya 1970, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, na malori hayajaacha kumwaga hadi leo. Wapo waliosomesha watoto kwa kuangukia huko kwa kila siku, na sidhani kama jambo linalolipa karo muhula baada ya muhula linaweza kuitwa bahati peke yake.

Waingereza nao wana msamiati mpana wa jambo hili. Husema mtu amejikwaa juu ya kitu, au kitu kimemtokea njiani. Wana neno fluke, lililosikika kwanza kwenye meza za biliadi katikati ya karne ya 19, la mpira uliotumbukia shimoni bila mpigaji kukusudia. Neno wanalojivunia zaidi, hata hivyo, ni serendipity, na bahati nzuri siku yake ya kuzaliwa inajulikana: tarehe 28 Januari 1754. Siku hiyo Horace Walpole, mwandishi na mtoto wa waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alimwandikia barua rafiki yake Horace Mann, balozi wa Uingereza mjini Florence. Mann alikuwa amempelekea picha ya Bianca Cappello. Walpole, akipekua kitabu cha nembo za koo za Venice, akakuta jambo kuhusu nembo ya ukoo huo ambalo hakuwa akilitafuta. Akaona ugunduzi wa namna hiyo unastahili jina, akalichonga kutokana na hekaya ya wana watatu wa mfalme wa Serendip.

Serendip ni Sarandibu, jina ambalo Waarabu na Waajemi waliita kisiwa cha Sri Lanka. Hapo ndipo habari hii inapokaribia nyumbani, kwa sababu Sarandibu na Uswahilini viko kwenye bahari moja na viliunganishwa na pepo zilezile za kaskazi na kusi. Ibn Battuta alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na mwaka 1344 akawa Sarandibu akipanda mlima wa nyayo za Adamu. Sindbadi wa hekaya naye alifikishwa huko na mawimbi. Jina ambalo kwa bwana wa London lilikuwa la ajabu na la mbali lingekuwa la kawaida kwa nahodha wa Lamu.

Hekaya yenyewe ilichapishwa kwa Kiitaliano mjini Venice mwaka 1557, ikitokana na masimulizi ya Kiajemi ya kale zaidi. Wana wa mfalme wanakutana na mtu aliyepotelewa na ngamia. Wanamwambia kuwa ngamia wake ni chongo, ana pengo na anachechemea. Tena alibeba siagi upande mmoja na asali upande wa pili. Mtu yule anaamini wamemwiba, wanatiwa ndani, na mbele ya mfalme wanajieleza. Majani yameliwa upande mmoja tu wa njia, ingawa upande wa pili yamenawiri. Vipande vya majani vilivyoanguka vina ukubwa wa jino. Unyayo mmoja umeburutwa. Sisimizi wamejaa huku na nzi wamejaa kule. Hakuna bahati hapo hata chembe. Hao ni wafuatiliaji wa nyayo, na mfugaji yeyote wa Marsabit angewaelewa bila mkalimani.

Walpole alipoisimulia hekaya hiyo katika barua yake alimgeuza ngamia akawa nyumbu, maana aliisoma zamani na alikuwa akiandika kwa kumbukumbu. Hata hivyo alishika jambo la maana: ugunduzi wa aina hiyo alisema una sehemu mbili, nasibu na werevu. Neno lake lilikaa kabatini muda mrefu. Barua zake kwa Mann zilichapishwa mwaka 1833, likachukuliwa na wapenzi wa vitabu vya kale, na ni katika karne ya 20 tu, hasa baada ya Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard kulipigia debe mwaka 1945, ndipo wanasayansi walipolikumbatia kueleza mambo kama kuvu aliyoiona Alexander Fleming mwaka 1928. Lilipofika mitaani, werevu ulikuwa umedondoka njiani. Leo wengi wanaolitumia wanamaanisha bahati basi.

Nimeichukua mizani ya Walpole kuipimia historia ya kwetu. Vitabu vya ugunduzi katika Afrika Mashariki vilizigawa sehemu zile mbili kati ya watu wawili: mgeni akapewa werevu, mwenyeji akapewa nasibu. Mgeni aligundua, mwenyeji aliokota, au alikuwa akipita tu. John Hanning Speke aliliona ziwa kubwa karibu na Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 na kuliita Victoria, akaandikwa mgunduzi wake. Aliyemweleza yeye na Burton, mwenzake wa safari, habari za ziwa hilo wakiwa Kaze, palipo Tabora ya leo, alikuwa Sheikh Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu. Wavuvi waliokula riziki ya ziwa hilo karne na karne hawana haja ya kutajwa. Wao ni wazi mno. Nikiisoma orodha ya matukio makubwa kwa mizani hiyo, naona mgawanyo ule mara nyingi uko kinyume.

Tuanze na nasibu tupu, isiyo na werevu wowote. Mwaka 1944 mwanahewa mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliyepangiwa kazi ya rada katika Visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yake, alikwenda kuvua samaki kisiwani Marchinbar akaona sarafu mchangani. Alikusanya 9, akazitia kwenye kopo, akaendelea na vita. Mwaka 1979 ndipo alipozipeleka kwa wataalamu. Sarafu 4 zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India. Zile 5 nyingine zilikuwa za shaba, za masultani wa Kilwa. Mpaka leo wataalamu wanavutana kuhusu jinsi fedha za Kilwa zilivyofika pwani ya Australia: kwa mashua ya nani, na zama zipi. Kwa miaka 35 ushahidi wa safari ndefu kuliko zote zinazojulikana za sarafu ya Kiswahili ulikaa kimya ndani ya kopo, kwa kuwa aliyeuokota hakuwa na sababu ya kuutilia maanani. Mtoto wa Kilwa Kisiwani angezitambua. Sarafu za namna hiyo zimekuwa zikifukuka pale kila mvua inaponyesha.

Sasa tazama mabonde ya visukuku. Mwaka 1911 daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, akitafiti ugonjwa wa malale, alifika Olduvai na kuondoka na mifupa iliyogeuka mawe. Simulizi maarufu linadai alikuwa akifukuza kipepeo nusura aporomoke bondeni. Chumvi ya simulizi hilo siitetei. Lililo hakika ni kwamba mifupa hiyo ilimvuta Hans Reck mwaka 1913, na Reck akamvuta Louis Leakey mwaka 1931. Tarehe 17 Julai 1959 Louis aliugua homa akabaki kambini. Mkewe Mary akatoka na mbwa wake kuzunguka, akaona mfupa wa fuvu ukichomoza ardhini. Louis akamwita zamadamu huyo Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la kale la pwani yetu kwa Waarabu. Ana umri wa miaka milioni 1.75.

Laetoli, kusini mwa Olduvai, kisa ni cha kuchekesha zaidi. Mwaka 1976 watafiti waliokuja kumtembelea Mary Leakey walikuwa wakirushiana vinyesi vikavu vya tembo kama watoto walioachwa bila mwalimu. Andrew Hill akakwepa, akaanguka, na uso wake ukawa karibu na jivu lililogeuka mwamba. Humo akaona alama za matone ya mvua na nyayo za wanyama. Miaka 2 baadaye zikapatikana katika eneo hilo nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita. Hill alikuwa mwanasayansi mzuri, na aliyejua maana ya anachokiona, simpunguzii. Lakini kuanguka ni kuanguka. Angekuwa kibarua wa kambi aliyeanguka vile, naamini kitabu kingesema ameokota.

Hilo nalisema kwa sababu ya Kamoya Kimeu. Alizaliwa Ukambani, akajiunga na akina Leakey kama mchimbaji wa kawaida. Mwaka 1964 alipata taya la Peninj karibu na Ziwa Natron. Kuanzia 1977 alikuwa msimamizi wa maeneo ya kale katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na aliongoza kikosi cha Wakenya kilichozunguka Turkana mwaka baada ya mwaka kikitembea polepole, macho chini. Agosti 1984 kikosi kilikuwa Nariokotome, magharibi mwa ziwa. Ilikuwa siku ya mapumziko. Wengine walifua, wengine walilala. Kamoya akavuka mto mkavu kwenda kutupa jicho ng'ambo. Kati ya changarawe nyeusi za volkano akaona kipande cheusi kisichozidi kiberiti kwa ukubwa. Kilikuwa cha paji la uso.

Jaribu kuipata picha hiyo. Mawe ni meusi, mfupa ni mweusi, majani makavu yamefunika, na mbuzi wamepita hapo siku zote. Kinachotofautisha ni mkunjo mdogo, na rangi inayokaribia kufanana na ya jiwe bila kufika. Kutoka kipande hicho misimu kadhaa ya uchimbaji ilitoa karibu mifupa yote ya mvulana wa Turkana, aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, mmoja wa zamadamu waliokamilika zaidi kuwahi kupatikana. Mwaka 1985 Kamoya alikwenda Marekani kupokea nishani ya LaGorce ya National Geographic mkononi mwa Rais Ronald Reagan. Nyani wawili wa kale wamepewa majina yanayotokana na lake. Alifariki Julai 2022. Hata hivyo masimulizi mengi ya Nariokotome bado yanaisisitiza siku ya mapumziko, kana kwamba ugunduzi ulitokana na ratiba ya kambi. Wote walikuwa na siku ileile ya mapumziko. Mmoja ndiye aliyeona.

Upande huohuo wa magharibi mwa ziwa, tarehe 9 Julai 2011, timu ya wanaakiolojia Sonia Harmand na Jason Lewis ilipotea njia katika mito mikavu ya Lomekwi. Hapo nasibu ilikuwa ya wageni kabisa: walikosea kona. Wakapanda kilima kuangalia walipo, wakaona eneo linalostahili kupekuliwa, na katika upekuzi huo Sammy Lokorodi, Mturkana wa huko, akayaonyesha mawe yaliyopasuliwa kwa mkono. Taarifa ilitoka katika jarida la Nature Mei 2015: zana za miaka milioni 3.3, zikizitangulia kwa miaka laki 7 zana zilizokuwa zikihesabiwa kuwa za kale kuliko zote. Kupotea kulikuwa kwa wenye gari. Jicho lilikuwa la mwenyeji. Nao waandishi wa taarifa za habari, wakipewa vyote viwili, walichagua kona iliyokosewa kuwa mwanzo wa hadithi.

Baharini mambo yalikuwa hivyohivyo. Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho, alipata Afrika Kusini samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria. Profesa J.L.B. Smith alitamani wa pili, akachapisha vikaratasi vyenye picha ya samaki huyo na ahadi ya zawadi ya pauni 100 kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Mwaka 1952, Zanzibar, vikaratasi vikamfikia nahodha Eric Hunt aliyefanya biashara kati ya Unguja na Ngazija na visiwa vyake. Desemba mwaka huo, huko Anjouan, mvuvi Ahamadi Abdallah alivua samaki mkubwa akampeleka Domoni kuuza. Mwalimu Affane Mohamed akamtambua kutokana na kikaratasi, akazuia asikatwe. Samaki akabebwa kupita milimani hadi Mutsamudu alikokuwa Hunt, naye Smith akapewa ndege ya jeshi na waziri mkuu wa Afrika Kusini kuja kumchukua.

Wakomoro walimjua samaki huyo zamani. Walimwita gombessa, na inasimuliwa kuwa magamba yake makavu yaliwafaa kukwaruzia mipira ya baiskeli kabla ya kubandika kiraka. Dunia ililia kwa furaha juu ya kiumbe kilichofufuka, na fundi wa baiskeli alikuwa na gamba lake kwenye kisanduku cha vifaa! Tangu mwanzoni mwa karne hii wavuvi wa Tanga wamemnasa mara nyingi, kiasi kwamba Tanzania ilitenga hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009.

Erasto Mpemba hakuvua wala kuchimba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha friji. Nafasi ilikuwa finyu, mwenzake akaweka yasiyochemshwa, naye asiikose nafasi akaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Yake yakaganda kwanza. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, darasani ikazuka dhihaka ya fizikia ya Mpemba. Huko akamuuliza swali lilelile Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wenzake walicheka tena. Osborne akarudi Dar, akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Ningependa wasomaji wakumbuke sehemu moja ya kisa hiki ambayo husahaulika. Kabla ya Osborne, Mpemba alikwisha kuzungumza na rafiki aliyeuza aiskrimu mjini Tanga, akaambiwa kuwa yeye huweka mchanganyiko ukiwa moto ili ugande upesi. Wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa na elimu ambayo maabara haikuwa nayo. Wanafizikia wanabishana hadi leo kama jambo hilo hutokea kweli na kwa sababu gani. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza waliandika kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha. Waendelee kubishana. Wanabishana kwa jina la kijana wa Kitanzania, kwa kuwa Osborne alilitanguliza jina hilo kwenye makala.

Jumanne Mhero Ngoma hakuwa na Osborne wake. Mwaka 1967, huko Mirerani, alipata vito vya buluu ambavyo havijulikani kupatikana mahali pengine duniani. Leseni zikakatwa na wengine, vitabu vya biashara ya vito vikamtaja zaidi Manuel de Souza, fundi cherehani mwenye asili ya Goa aliyekuwa akitafuta madini, na mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ikaviita tanzanite. Ngoma akabaki na simulizi. Aprili 2018, Ngoma akiwa mzee mgonjwa, Rais John Magufuli alimsimamisha mbele ya umma Mirerani na kumpa shilingi milioni 100 za Tanzania. Alifariki Januari 2019. Miaka 51 ni mingi kumngoja mtu aandikwe.

Kwa hiyo mimi ninapoisoma orodha hii naona aliyeanguka kwa kukwepa kinyesi, aliyepotea njia, aliyeugua kambini na mwenzake akatoka na mbwa. Hizo ndizo nasibu, na nyingi ni za wageni. Naona pia aliyetambua mfupa kati ya mawe, aliyemkumbuka samaki wa kwenye karatasi, aliyerudia swali alilochekewa mara mbili. Huo ndio werevu, na umesajiliwa kama bahati. Wana wa mfalme wa Sarandibu walitiwa ndani kwa kosa la kuona vizuri. Hawa wa kwetu walisahauliwa tu, ambayo ni adhabu nyepesi lakini ya muda mrefu zaidi.

Msomaji wa Baba Dogo, maghorofa yanachipuka mtaani kwetu kila mwezi na misingi inachimbwa kwa sururu. Olorgesailie, palipojaa mashoka ya mawe yaliyochimbwa kuanzia miaka ya 1940, ni safari ya asubuhi moja kutoka hapa. Sururu yako ikigonga mfupa wenye uzito wa jiwe, jiwe lenye makali pande mbili, au sarafu usiyoijua, usiusogeze udongo zaidi na usikiuze kwa anayenunua vyuma. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakutaka utoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, ukieleza mahali hasa na jinsi ulivyokipata. Nenda mwenyewe, usimtume mwenye mtaro. Na ukifika pale, kabla hujaondoka, hakikisha kwenye daftari wameandika jina lako kwa herufi zake zote.